Mshono Nilioufumua Bila Kuuliza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na si kwa sababu ya furaha. Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, hapa hapa Malvern kwenye barabara ya Jules. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mbele ya cherehani yangu palikuwa na mfuko wa plastiki wenye vifaa vya ngumi vilivyoletwa kushonwa, na mkononi nilikuwa na wembe.

Kabla sijakueleza nilichokifanya, nikueleze kwanza vifaa vyenyewe. Vijana wengi wanaokuja kwangu siku hizi kushonesha kaptula za mazoezi huyataja majina yake bila kujua ni nini, na wengine huviogopa bila kujua wanaogopa nini. Mimi nilikuwa wa kundi la pili.

Mchezo wenyewe ni wa ngumi na mateke wa Wakhmeri, watu wa Kambodia. Anayefundisha huitwa kru, yaani mwalimu. Kiwiko wanakiita kaeng, goti chongkong, na teke la kusukuma, lile la wayo kifuani, theak. Maneno haya niliyaandika kwenye daftari tangu wiki ya kwanza. Ndivyo nilivyo. Shule niliishia darasa la saba, na karibu kila ninachokijua zaidi ya hapo nimekipata kwa kuuliza, kusoma na kuandika mwenyewe.

Kabla ya pambano, mpiganaji huzunguka ulingo polepole, hupiga magoti, huinama mara tatu, kisha hucheza taratibu kwa mikono. Hiyo ni kun kru, salamu kwa waliomfundisha. Huchezwa kwa zumari, ngoma na matoazi madogo, na muziki huo haukomi wakati wa kupigana, bali huzidi kasi. Kichwani mpiganaji huvaa mongkol, kitambaa kilichosokotwa kama kamba nene chenye mkia nyuma. Mwalimu ndiye humvika, na ndiye humvua kabla ya kengele. Juu ya misuli ya mikono hufungwa tepe mbili za kitambaa ziitwazo prajioud, na hizo hubaki hadi mwisho wa pambano. Kiunoni zamani walijifunga sampot, nguo inayofanana na kikoi chetu, na ngumi walizizungushia kamba. Leo ni kaptula na glavu kama kwa watu wengine wote.

Sasa fikiria kijana aliyezaliwa Tanga akiyaona hayo kwa mara ya kwanza. Zumari, ngoma, kitambaa chekundu kichwani, mtu anazunguka na kuinama, mzee anamnong'oneza sikioni. Kila kitu nilichokiona pale nilikuwa nimekiona nyumbani, uwanjani kwa mganga, siku za kupunga pepo. Nilikuwa na sababu nyingine ya kushuku, na hii ni ya kazi yangu. Fundi aliyenifundisha kushona, pale Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga, alikuwa akipokea kazi za mganga mmoja. Mganga analeta karatasi zilizokunjwa, sisi tunazishonea vifuko vyeusi na vyekundu. Nilishona hirizi nikiwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano, kumi na sita. Vidole vyangu vilijua tofauti ya kitambaa kilichokunjwa kwa ajili ya kuongeza nguvu na kitambaa kilichokunjwa kwa ajili ya kuficha.

Mwalimu wetu aliitwa Kru Sovann. Alikuwa fundi wa umeme wa magari kule Kensington, na tulifanya mazoezi kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya gereji yake, harufu ya betri na ya jasho pamoja. Mtu mfupi, miaka kama sitini, masikio yamevimba kama maandazi. Alisema alifika nchi hii akiwa baharia, akashuka Durban, hakupanda tena. Sikumwamini. Niliwahi kumuuliza jina la meli, akacheka tu. Mongkol yake aliiweka kwenye sanduku la bati, rafu ya juu kabisa, na hakuna aliyeruhusiwa kuishusha wala kuruka juu ya kifaa chochote kilichokuwa chini. Nilijiuliza kwa nini mtu mwenye ujuzi kama ule ajifiche nyuma ya gereji. Jibu ambalo leo linanijia mara moja, kwamba kodi ya chumba kile alikuwa ameshailipa, halikunijia.

Hata hivyo, jambo moja nilimuuliza ana kwa ana. Ile kuinama mara tatu ilinitatiza. Mimi ni Mwislamu, na paji la uso wangu haliendi chini kwa mwanadamu. Nilimwambia hivyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Simama. Weka mikono pamoja. Fikiria aliyekufundisha." Basi. Akageuka kumsahihisha mtu mwingine goti. Weka jambo hili akilini, mwanangu, kwa sababu ndilo linaloninyima kisingizio.

Rafiki yangu wa karibu pale mazoezini alikuwa Bahati, Mkongo wa Uvira, mlinzi wa duka moja kubwa Newtown. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na alikuwa amefanya mazoezi kwa Kru miaka minne bila kupata pambano la kweli. Hatimaye likapatikana, Jumamosi ile, kwenye ukumbi mmoja hapo hapo Newtown. Umri wake uliruhusu mwanzo mmoja tu. Asingepanda ulingoni siku ile, asingeitwa tena, na sote tulilijua hilo.

Jumatatu alikuja kwenye meza yangu, akakaa kwenye ndoo, akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Mtu wa Uvira akianza na hali ya hewa ujue kuna jambo. Mama Neema, Mkongo wa Bukavu ambaye saluni yake ilikuwa nyuma ya meza yangu, alikuwa mlangoni akimsuka mteja.

"Tanga," Bahati akasema hatimaye, maana ndivyo walivyoniita. "Weye ni fundi. Zile kitambaa za mikono, ziko na kitu ndani ao hazina?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Juu pasta ameniuliza mimi. Amesema kama ni kitambaa tu, nivae, hakuna shida. Kama kuna dawa ndani, nichague, ulingo ao kanisa. Na haki yake. Mi mwenyewe siwezi kuingia kupigana na jini ya mtu kwenye mkono."

"Muulize Kru."

"Nimuulize vipi? Mtu amenifundisha miaka ine, nimwambie, 'Kru, weye ni mchawi?' Mbele ya wanafunzi yake?"

Mama Neema hakugeuza kichwa. "Muulize tu," alisema. "Mchawi wa kweli atakatala. Asiye mchawi atakufukuza. Pande zote mbili utapumzika, na mimi nitapumzika kukusikia."

Mteja wake akacheka hadi nywele zikamtoka Mama Neema mikononi. Bahati hakucheka. "Eish, Mama Neema, hii si mchezo," akasema, kisha akaniinamia. "Angalia tu, kaka. Weye macho yako inajua hizi vitu. Ukisema hakuna, nitaingia. Ukisema kuna, nitaacha. Neno lako moja."

Nitakuwa mkweli kwako. Maneno hayo yalinipendeza. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba uamuzi wake unategemea neno langu moja. Nikamwambia aniachie.

Jumatano Kru akaleta ule mfuko. Kaptula mbili zenye lastiki iliyolegea, na utepe mmoja mwekundu, wa mkono wa kushoto, ambao uzi wake ulikuwa umeachia pembeni. "Huu shona ukingo tu," alisema. Kiingereza chake kilikuwa kifupi. Ninakiweka kwa Kiswahili kama kilivyokuwa. "Ni wa Bahati. Jumamosi." Akanywa chai aliyopewa na Mama Neema, akaondoka.

Niliushika utepe, na vidole vikaniambia mara moja. Katikati ulikuwa mnene kuliko pembeni, na haukuwa unene wa bitana. Kulikuwa na mraba mdogo ndani, umekunjwa mara nne. Mshono wa kuufunga ulikuwa wa mkono, tofauti na mshono wa ukingo, na uzi wake ulikuwa mkongwe zaidi. Nilijua kabisa nimeambiwa nishone ukingo. Nilijua pia kwamba Kru alikuwa umbali wa dakika ishirini kwa miguu na kwamba simu yake ilikuwa hewani. Nikachukua wembe, nikafumua.

Ndani kulikuwa na kipande cha kitambaa cha pamba, laini kwa uzee, rangi yake zamani huenda ilikuwa bluu. Juu yake palikuwa na mistari sita ya maandishi ya wino, herufi zenye vichwa na mikia nisizoweza kutambua hata moja. Nikatoa daftari, nikazinakili zote kwa uangalifu, mstari kwa mstari. Halafu juu ya ukurasa, mahali pa kichwa cha habari, nikaandika neno moja, hirizi, nikalipigia mstari chini.

Tazama hapo, mwanangu. Niliyanakili maandishi kwa sababu sikujua yanasema nini, na dakika hiyo hiyo nikaandika juu yake jina la kitu nilichodai kukijua. Mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja yalikaa kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko wangu, na sikushtuka.

Jioni ile, saa kumi na mbili, Bahati alipita akitoka kazini. Tulisimama karibu na robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, magari yakipita.

"Kuna kitu," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Nimekiona kwa macho yangu. Kitambaa chenye maandishi, kimekunjwa mara nne. Nimeshona hirizi miaka mitatu, Bahati. Naijua hirizi."

Aliangalia robot ikibadilika nyekundu, ikawa kijani, ikawa nyekundu tena. "Sharp," akasema, yaani sawa. "Asante, kaka." Akavuka barabara. Alhamisi hakuja mazoezini. Mimi nilikwenda, nikapiga gunia kama kawaida, na Kru aliponiuliza Bahati yuko wapi nikasema sijui. Siku ile neno hilo lilikuwa uongo.

Ijumaa saa nne asubuhi Kru alikuja kuchukua vifaa. Kaptula zilikuwa tayari, zimekunjwa. Utepe ulikuwa pembeni ya cherehani, umefumuliwa, na kile kipande cha bluu kimelala juu yake, kwa sababu nilikuwa bado sijaamua nikirudishe au nikitupe. Alikiona kabla sijasimama. Alivuta ile ndoo, akakaa.

"Nilisema ushone ukingo."

"Ndiyo, Kru."

"Umefungua."

"Nilitaka kujua kuna nini."

"Umejua?"

Akakisogeza kile kitambaa kwangu kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemsogezea mgonjwa dawa. "Soma."

"Sijui kuisoma."

"Basi hujajua."

Cherehani ya jirani ilikuwa ikilia. Mama Neema alipunguza redio, na ninamshuku hadi leo kwamba hakuipunguza kwa heshima bali ili asikie vizuri.

Kru akanieleza. Kipande kile kilikatwa kwenye sampot ya mama yake. Mama yake alikufa kwa njaa, miaka ambayo kwao watu walikufa kwa njaa na kwa amri, na yeye akiwa kijana hakupewa nafasi ya kumzika. Hakuwa na picha yake. Alikuwa na kitambaa hicho. Maandishi yaliandikwa na mwalimu wake mwenyewe, na yalikuwa majina sita, ya mwalimu huyo na ya walimu waliomtangulia. "Ukiingia ulingoni peke yako, unaogopa sana," alisema. "Ukiingia na hawa, unaogopa kidogo. Nampa mwanafunzi ninayemwona mwanangu. Bado sijampa mtu. Bahati ni wa kwanza."

Nikakiri kwamba Bahati ndiye aliniomba niangalie, na kwamba nilimwambia ni hirizi. Kisha nikakusanya ujasiri, nikauliza swali nililopaswa kuuliza Jumatatu. "Ni dawa, Kru? Ni ya kuzuia ngumi?"

"Kwetu wengine wanaamini inazuia." Akajigusa pua, ambayo ilikuwa imepinda kushoto na kisha tena kulia. "Mimi nilivaa hii. Pua ilivunjika mara mbili."

Mama Neema akacheka, akajizuia, akakohoa.

"Uliponiuliza habari ya kuinama," Kru akaendelea, "nilikasirika?"

"Hapana."

"Bahati angeuliza, ningemjibu. Wewe ungeuliza, ningekujibu." Alisimama, akakifunga kile kitambaa na utepe wake kwenye leso. Nilinyoosha mkono nikamwambia nitaushona sasa hivi, vizuri, bure. "Acha," alisema. "Nitashona mwenyewe. Wewe nenda kwa Bahati. Mwambie unachokijua, halafu mwambie usichokijua. Mimi nikienda ataona namvuta."

Usidhani nilibadilika pale pale na kuwa mtu mwema. Nilipokuwa kwenye teksi kwenda Newtown, nilikuwa bado ninashuku. Nilijiambia kwamba mtu mwenye hirizi angesema maneno yale yale, tena kwa utulivu ule ule. Miezi kadhaa baadaye nilimpata mama mmoja Mkhmeri, muuzaji wa vitambaa vya jumla, nikamwonyesha ukurasa wa daftari langu. Alisoma majina matano ya watu. La sita alishindwa, kwa sababu nililinakili vibaya. Kwa hiyo ninachoweza kuthibitisha ni matano kati ya sita, na kosa la lile moja ni langu. Lakini Ijumaa ile sikuwa na hilo. Nilikuwa na neno la Kru tu, na aibu yangu.

Bahati alikuwa mlangoni mwa duka, sare imepigwa pasi, akikagua mikoba ya wanaotoka. Nilisimama pembeni yake nikamweleza yote, tangu unene wa utepe hadi pua iliyovunjika. Alisikiliza huku akifanya kazi yake.

"Jumatano ulikuwa na hakika," alisema.

"Ndiyo."

"Mama, begi, tafadhali." Akakagua, akamrudishia. "Na leo uko na hakika."

"Leo nimeelezwa na mwenyewe."

"Lakini sauti ni ile ile, Tanga. Sawasawa. Hata mikono unaitupa vile vile." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Ungekuwa mimi, ungemwamini Tanga wa Jumatano ao Tanga wa Ijumaa?"

Nilipokuwa nakuja nilijiandaa kwa hasira yake. Sikujiandaa kushukiwa. Mtu aliyeniamini hadi akaweka miaka minne kwenye neno langu moja alikuwa ananikagua kama alivyokuwa akikagua ile mikoba, bila chuki yoyote, kwa sababu ndiyo kazi.

"Nitaenda kumuuliza mwenyewe," alisema. "Ningeenda toka mwanzo. Makosa si yako peke yako, kaka. Mi niliogopa. Ila nilikuuliza weye juu nilikuamini." Akageukia mteja mwingine.

Jumamosi asubuhi alikwenda Kensington. Sikuwapo, haya nimeambiwa na Kru. Bahati aliuliza waziwazi, Kru akajibu waziwazi, akamfungulia leso akaona. Bahati akasema anaheshimu, lakini majina asiyoweza kuyasoma hawezi kuyavaa. Kru akasema vema, basi avae ya kwake, kwa sababu desturi inataka kitambaa cha aliyekuzaa wewe, na huyu mama wa kitambaa cha bluu hakumzaa Bahati. Bahati alikuwa na kitenge ambacho mama yake alimfungia mzigo siku anaondoka Uvira. Alimpigia pasta kutoka pale pale gerejini. Pasta akasema kitenge cha mama ni kitenge cha mama. Lililobaki lilikuwa ni kushona, na ukumbini walitakiwa saa nane.

Saa nne na nusu nilimwona anakuja Jules Street, kitenge kwapani, cha njano chenye maua ya kahawia. Nilisafisha meza. Nilitoa uzi wa njano, nikautia kwenye cherehani kabla hajafika. Prajioud nilikuwa nimeshazishona kama kumi kwa wanafunzi wengine. Nilijua upana, nilijua mahali pa kuacha mkia wa kufungia.

Alifika mbele yangu. "Tanga, habari ya asubuhi."

"Nzuri, Bahati. Karibu."

"Asante," akasema, akapita. Akavuka barabara, akaingia kwa fundi Mmalawi aliyeshona suruali na mapazia, mtu mwema ambaye katika maisha yake hakuwahi kuona utepe wa namna ile. Alikaa huko nusu saa. Niliwaona kupitia dirishani, Bahati akipima mkono wake mwenyewe kwa vidole, akimweleza kwa ishara. Mama Neema aliacha kusuka, akanitazama, akatazama ule uzi wa njano. Nilingoja aseme lolote la kunichoma. Alirudi ndani, akaniletea chai.

Nilikwenda ukumbini na kukaa nyuma. Bahati alizunguka ulingo, akapiga goti moja mbele ya Kru, mikono pamoja, bila kuinama hadi chini. Zumari ilitoka kwenye kaseti. Alipigana vizuri raundi mbili za mwanzo. Theak yake ilimzuia yule kijana mwingine asimkaribie. Raundi ya tatu, utepe wa kushoto ukaanza kulegea. Niliuona kutoka viti vya nyuma, kwa sababu mshono haukurudiwa mwanzo na mwisho, kosa la mtu anayeshona mapazia. Refa alisimamisha pambano, Kru akaufungua, akauweka mfukoni mwa shati. Bahati alimaliza na utepe mmoja. Alishindwa kwa pointi chache.

Je, alishindwa kwa sababu ya utepe? Nimelipima jambo hili kwa miaka mingi. Alikosa mazoezi siku mbili za mwisho, na hakulala vizuri, na mpinzani wake alikuwa na miaka ishirini na miwili. Pengine angeshindwa hata bila mimi. Sijui. Kwenye daftari langu, chini ya tarehe ile, ndivyo nilivyoandika.

Bahati alipigana mara nne zaidi, kwa kuwa waandaaji walimpenda, na alishinda mbili. Tulibaki watu wa kusalimiana. Alinialika kwenye harusi yake, nikaenda, nikala, tukacheka. Kru aliendelea kunifundisha, akaendelea kuniletea kaptula. Tepe hakuniletea tena hadi alipofunga gereji. Lakini kwa miaka hii yote Bahati hajawahi kuniuliza tena, "Tanga, weye unaonaje?" Kuhusu nyumba, kuhusu watoto, hata kuhusu bei ya kitambaa, ambayo ninaijua kuliko mtu yeyote barabara hii. Anauliza wengine, nami nikiwa nimekaa hapo hapo. Hafanyi kwa ubaya. Nadhani hata hajui kwamba haniulizi.

Basi nikuambie ninachotaka kukuambia, mwanangu. Sikukatazi kushuku. Mji huu utakuletea watu wenye tabasamu na karatasi zenye mihuri, na asiyeshuku hapa hafiki mbali. Nami ninashuku bado: ile meli ya Kru bado siiamini. Lakini shaka ikikujia, ipeleke kwa mwenye jambo, kwa mdomo, kwa adabu, mapema, hata kama unaogopa jibu. Usiipeleke kwanza kwa mtu wa tatu. Usifungue cha mtu kwa sababu una ujuzi wa kukifungua. Ufundi wangu ndio uliofanya kosa langu liwe jepesi. Ukikuta kitu kinachofanana na ulichokiona nyumbani, kumbuka kwamba kufanana ni jambo moja, na kuwa kile kile ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili kuna kazi ya kufanya. Na mtu akikuambia kwamba ataamua kwa neno lako moja, hapo ndipo uogope kweli. Mwambie hiki nimekiona, hiki sijakielewa, twende tukaulize wote wawili. Huenda akaona jibu lako limepungua uzito. Kumbe utakuwa umemwachia njia ya kukuamini kesho.

Mungu akulinde na wenye hila, na akulinde usije ukawadhania hila wasio nayo. Akupe watu wa kukujia na maswali yao hadi uzeeni. Na siku utakapowajibu kwamba hujui, wakae nawe palepale, wasikutafutie mbadala upande wa pili wa barabara.